Damu ya Namba Arobaini na Saba

Ng'ombe namba arobaini na saba aliugua Jumatatu, akapona Jumatano, na Ijumaa akaugua tena. Wakati wote huo ng'ombe mwenyewe alikuwa kwao anatafuna majani, hana habari na mtu. Kilichokuwa kinaugua na kupona ni damu yake, vijiko viwili hivi vya damu vilivyokaa kwenye friza ya maabara ya mifugo tangu mwaka jana. Mwenye ng'ombe alipopigiwa simu mara ya tatu alicheka mpaka akapaliwa. "Jamani," akasema, "mwambieni huyo ng'ombe wenu achague moja."

Maabara hakuna aliyecheka. Namba arobaini na saba hakuwa peke yake. Kati ya sampuli mia mbili na kumi, ishirini na tisa zilikuwa vigeugeu: leo zina ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, kesho hazina, keshokutwa zinayo. Na utafiti mzima ulitaka kujua jambo moja tu, ni ng'ombe gani wanatembea na ndigana kwenye damu bila kuonyesha dalili. Sasa ukipewa majibu matatu kwa swali moja, umejibiwa nini hapo?

Aliyekabidhiwa kulisaka tatizo hilo ni fundi sanifu mkongwe wa maabara, mtu wa miaka hamsini na minane, ambaye jina lake la kwenye vyeti watu walishalisahau. Waliomkuta walimwita Mzee Kumi. Jina hilo alijitakia mwenyewe. Damu ikikaa, chepesi huelea juu na kizito hutuama chini, na vijidudu vya ndigana vimo humo kwenye kizito. Kwa hiyo kabla ya kuchota damu kwenye tyubu ni lazima uipindue tyubu, juu chini, chini juu, polepole, mara kumi. Si tisa. Bango la maneno hayo aliliandika yeye kwa kalamu nene na kulibandika juu ya meza ya kazi: GEUZA MARA KUMI. USITIKISE. Kila mgeni aliyeingia pale, awe mwanafunzi au daktari mwenye shahada tatu, alisimamishwa mbele ya bango na kugeuza tyubu ya maji huku Mzee Kumi akimhesabia kwa sauti. Ukiishia nane unaanza upya. Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mke wake alikuwa akimtania kwamba anakoroga chai kana kwamba ataipima ndigana.

Kazi yenyewe, nisije nikawatisha, si uchawi. Damu inatolewa kwenye friza, inaachwa iyeyuke, inageuzwa, inachotwa tone kwa pipeti, kile kijibomba cha kunyonyea. Lile tone linasafishwa kwa dawa mpaka zibaki chembe za urithi tu, za ng'ombe na za mdudu kama yumo. Halafu zinaingia kwenye mashine ya PCR, ambayo kazi yake ni kurudufu. Inachukua alama ndogo ya mdudu, isiyoonekana kwa jicho wala kwa darubini, na kuifanya mamilioni. Mwisho mstari unatokea au hautokei. Ukitokea, ng'ombe ana ugonjwa. Usipotokea, hana. Ndiyo hivyo tu, na watu wanakula mishahara humo.

Pale walikuwa wawili kwenye meza hiyo. Mzee Kumi alichota damu, kwa sababu hakuna mkono uliomzidi kwa utulivu. Yaliyofuata, kusafisha, kuingiza kwenye mashine na kusoma mistari, yalikuwa ya Mama Pacha. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye mapacha wa kiume wa miaka sita. Baba yao alisafiri akasahau njia ya kurudi, na yeye hakutuma mtu kumkumbusha. Aliishi na mama yake mzazi na hao watoto, na kwa miaka mitano alikuwa akifanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Alikuwa hodari, mwepesi wa kucheka, na kila asubuhi alifika anahema kwa sababu pacha mmoja alikuwa amemwaga uji juu ya mwenzake.

Sasa niseme na hili, maana bila hili hakuna hadithi. Miezi saba nyuma, muda mfupi kabla ng'ombe hawajaanza kigeugeu chao, mke wa Mzee Kumi alifariki. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke wa sauti kubwa na miguu midogo. Aliugua wiki tatu, basi. Walizika siku ya Jumapili, na Alhamisi yake Mzee Kumi alikuwa maabara amevaa koti jeupe lililopigwa pasi. Watu wakamsifu! Wakasema huyo ndiye mwanaume, amejikaza, amepiga moyo konde. Watu nao bwana. Mtu akianguka wanamnyanyua, lakini akisimama wima kama mlingoti hawajisumbui hata kumgusa waone kama yuko hai.

Hakuwa amejikaza. Alikuwa amekufa ganzi. Unajua mguu ukiukalia muda mrefu, ukiugusa unaona kama unagusa mguu wa mtu mwingine? Ndivyo alivyokuwa, mzima mzima, kuanzia utosini. Alisalimia, alijibu, alipanda ngazi za maabara na kushuka. Binti yake wa mwisho, fundi cherehani aliyekuwa bado anaishi naye, alimuuliza mara nyingi, "Baba, unajisikiaje?" Naye alitafuta jibu kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta ufunguo, asikute kitu. "Sijambo," alisema. Na kweli hakuwa anadanganya. Hakusikia baya wala zuri.

Basi Jumatatu moja bosi akamwita. Bosi alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, ambaye zamani aliwahi kusimamishwa na Mzee Kumi mbele ya lile bango akahesabiwa mara tatu. Mpaka leo alimwita mwalimu.

"Mwalimu, kaa," akasema. "Wenye utafiti wamechoka. Ijumaa wakiwa hawajapata maelezo, sampuli zote zinahamishwa, wanapeleka kwingine."

"Nimesikia."

"Nimeangalia kumbukumbu zote. Mashine haina shida. Tukiweka ile chembe safi tuliyonunua, ambayo tunajua ina ndigana, mstari unatokea kila siku. Tukiweka maji matupu, hautokei. Kwa hiyo mashine inasema kweli. Uongo unaingia kabla ya mashine."

"Kati ya damu na mashine," akasema Mzee Kumi.

"Na kati ya damu na mashine yupo Mama Pacha." Bosi akasukuma karatasi moja mezani. "Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi. Barua ya kumwongezea hii hapa, sijaweka saini. Kama shida ni mikono yake, mwalimu, siwezi kumbakiza. Nitawaambia nini watu?"

"Na kama si mikono yake?"

"Nionyeshe ni nini. Mpaka Ijumaa."

Mzee Kumi akatoka. Alijua kwamba mtu wa namna yake alipaswa kuumia moyo hapo. Mama Pacha alikuwa mwanafunzi wake, alikuwa kama mdogo wake wa mwisho. Akasimama kwenye korido akisubiri maumivu yaje. Hayakuja. Akaenda kazini.

Jumanne alianza na maji, kwa sababu maji ndiyo mwanzo wa fitina nyingi maabara. Alitupa yote, akafungua chupa mpya. Kisha dawa za kusafishia damu, akakagua tarehe moja moja, akaandika kwenye daftari kwa mwandiko wake wa shule. Mama Pacha alimfuata meza kwa meza akimshikia trei, kimya, na hilo halikuwa la kawaida yake. Yule aliyekuwa akiimba huku anapanga tyubu siku hiyo alijibu "ndiyo mzee" na "hapana mzee".

"Umesikia habari ya barua?" Mzee Kumi akamuuliza.

"Nimesikia."

"Nani kakwambia?"

"Mzee, hapa hata friza ina masikio."

Majibu ya Jumanne yalikuja safi. Ishirini na tisa zote, namba arobaini na saba akiwa mgonjwa waziwazi, mstari mnene kama umechorwa kwa kalamu. Wakatazamana. Mzee Kumi akasema basi ni maji, kwisha habari. Mama Pacha akainamia trei yake. Jumatano wakarudia ili kuhakikisha, maji yale yale mapya, dawa zile zile, na arobaini na saba akapona tena. Wenzake kumi na watatu wakapona naye.

"Aa-aa!" akasema Mzee Kumi. Ndilo neno lililokaribia hasira kuliko yote aliyotamka miezi hiyo.

Mchana huo aliigeukia friza. Alikaa mbele yake na kipimajoto saa mbili nzima, akifungua mlango na kufunga, akiandika. Friza ilikuwa na afya kuliko yeye. Akazipima pipeti zote kwa mizani, tone kwa tone. Zilikuwa sawa. Alirudi nyumbani jua bado lipo, akamkuta binti yake sebuleni anashona sare ya shule, sindano mdomoni.

"Baba, umekula?"

"Nimekula."

Binti akatoa sindano, akanyanyuka, akafunua sahani iliyokuwa mezani. Chakula cha mchana alichomfungia asubuhi, baba akakisahau hapo hapo, kilikuwa kama kilivyopakuliwa, kijiko hakijaguswa.

"Umekula wapi?"

Mzee Kumi aliitazama ile sahani. Alikumbuka kabisa kula. Alikumbuka uzito wa kijiko. Akajiambia itakuwa ni jana. "Nitakula sasa," akasema, na binti akamkalia pale pale mpaka amalize, kama anavyokaliwa mtoto.

Alhamisi aliamka na wazo, na lilikuwa wazo zuri, la mtu anayeijua kazi yake. Kama hujui nani kati ya wawili anaharibu chakula, kila mtu apike chungu chake. Alichagua ng'ombe watano kati ya wale vigeugeu, arobaini na saba akiwemo, kila mmoja akiwa na tyubu mbili, moja ya huku na moja ya kule. Kila mmoja wao angechota, angesafisha na kupima mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho, mara tatu tatu, mwenzake asiguse.

"Wewe chumba kile, mimi hiki," akamwambia Mama Pacha. "Usiogope. Shida ikiwa kwako tutaiona ilipo, tutairekebisha, nitakwenda mwenyewe kwa bosi kukuombea."

Mama Pacha alimtazama kwa muda. Macho yake yalikuwa mekundu, na Mzee Kumi akadhani ni mkataba. "Sawa, mzee," akasema.

Saa tisa alasiri mistari ikatoka. Ya Mama Pacha ilikuwa kumi na mitano: ng'ombe wote watano wagonjwa mara tatu kati ya tatu. Hakuna ubishi. Ya Mzee Kumi ilikuwa vurugu. Arobaini na saba mgonjwa mara moja, mzima mara mbili. Mwingine hivi, mwingine vile.

Mzee Kumi aliipindua ile picha ya mistari, akaipindua tena, kama labda aliishika vibaya. Hakuhisi aibu, hakuhisi hofu. Akili yake ilifanya kazi vizuri sana, peke yake, kama saa ya ukutani katika nyumba waliyohama watu. Akasema, "Labda pipeti yangu."

"Umeipima jana," akasema Mama Pacha.

"Labda tyubu zangu zilichelewa kuyeyuka."

"Tumezitoa pamoja."

"Sasa nini?" akauliza. "Hebu niangalie. Nafanya sasa hivi mbele yako, niangalie mkono."

"Mzee, nimeshakuangalia."

"Lini?"

Mama Pacha akavuta pumzi. "Tangu uliporudi kazini. Mzee wangu, hugeuzi."

"Sigeuzi nini?"

"Tyubu. Hugeuzi. Unaitoa, unafungua, unachota. Hata mara moja hugeuzi."

Hapo Mzee Kumi alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku nyingi, kwa jinsi neno lenyewe lilivyokuwa la kipuuzi. Kumwambia Mzee Kumi kwamba hageuzi tyubu ni kama kumwambia samaki haogelei. Aligeuza leo asubuhi! Alihesabu. Alikumbuka kila hesabu, alikumbuka ubaridi wa tyubu kwenye glavu. Angeweza kula kiapo.

Mama Pacha hakubishana. Alitoa simu yake, akaiegemeza kwenye boksi la glavu, akaielekeza kwenye meza. "Fanya tano, mzee. Kama siku zote. Usinifikirie mimi." Akatoka akamwachia chumba.

Alifanya tano. Aligeuza kila moja mara kumi, akijihesabia moyoni. Kisha wakakaa kwenye viti virefu vya maabara, bega kwa bega, wakaangalia.

Kwenye kioo cha simu mzee mmoja aliyevaa koti jeupe alichukua tyubu, akafungua kizibo, akachota. Akachukua ya pili, akafungua, akachota. Mikono yake ilikuwa mitulivu ajabu, mtu angesema huyu ni bingwa. Ya tatu, ya nne, ya tano. Midomo haikutikisika. Juu ya kichwa chake, nusu ya bango ilionekana.

"Rudisha," akasema Mzee Kumi.

Akarudisha. Wakaangalia mara tatu, nne. Katika mara ya nne Mzee Kumi aliweka kidole kwenye kioo, pale ambapo kugeuza kungekuwa, kati ya kuchukua na kufungua. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata uzi.

"Lakini nakumbuka," akasema polepole.

"Najua unakumbuka. Umefanya miaka thelathini na moja."

Aliisukuma simu pembeni. Baadaye akauliza lililokuwa halijakaa sawa. "Kama sikuwa nageuza siku zote, majibu yangekuwa mabovu siku zote. Mbona siku nyingine yalikuwa sawa? Mbona Jumanne?"

Sasa Mama Pacha akaanza kulia, kwa kukasirika, akijifuta kwa nyuma ya mkono ili glavu zisimguse usoni. "Kwa sababu siku nilizowahi nilizigeuza mimi," akasema. "Wewe ukienda kuvaa koti, mimi nazigeuza zote haraka haraka, narudisha, nakuja kusimama kwangu. Jumanne niliwahi. Jumatano hawa watoto walifichiana viatu, nikakukuta umeshaanza."

Sikilizeni jambo hilo. Miezi saba, ng'ombe wa watu wanaugua na kupona kwa kutegemea kama watoto wawili wa miaka sita wameviona viatu vyao. Mabosi wanapekua kumbukumbu, wenye utafiti wanafoka, maji yanamwagwa, na mwanamke mmoja anakimbia kila asubuhi akihema ili afike dakika tano mbele ya mzee wake na kumfunikia. Na kwa kumfunikia ndiyo akaharibu kabisa, maana kosa la kila siku lingeonekana wiki ya kwanza. Ni lile la mara leo, mara kesho, ndilo lisiloshikika.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Mara kumi umenifundisha wewe. Halafu umetoka kuzika. Nikasema ni msiba, utapita. Kila siku nasema leo atageuza, leo atakuwa amerudi." Akavuta kamasi. "Hukurudi, mzee."

"Na barua yako? Ungeacha wakufukuze?"

"Nilikuwa najiandaa kukwambia. Tangu Jumatatu najiandaa. Nilikuwa nikikuangalia usoni, nashindwa."

Mzee Kumi hakungoja kesho, kwa sababu ilikuwa bado saa kumi na bosi alikuwepo. Alikwenda na simu ya Mama Pacha mkononi, hata glavu hajavua. Akaeleza yote akiwa amesimama, kwa mpangilio, kama anayesoma ripoti ya mtu mwingine. Bosi alimsikiliza huku anatikisa kichwa.

"Mwalimu, unambeba," akasema. "Nakujua. Unataka kufa naye."

"Angalia."

Aliangalia. Akaangalia mara ya pili akiwa ameweka mkono mdomoni. Alipoirudisha simu hakuweza kumtazama.

"Kwa hiyo alijua," akasema. "Alijua na akanyamaza, na akawa anagusa sampuli kwa siri. Hilo nalo ni kosa, mwalimu."

"Ni kosa. Mwandikie barua ya onyo, na mimi uniandikie yangu. Lakini hiyo hapo iweke saini. Mikono yake umeiona, kumi na tano kwa kumi na tano. Hapa ndani aliyebaki anayefanya nilichofundisha ni yeye."

Bosi alivuta ile barua, akaweka saini, kalamu ikakwaruza. Akasema sampuli zote mia mbili na kumi zichotwe upya na Mama Pacha, na wenye utafiti wataambiwa ukweli kesho yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ya mwanafunzi, "Na wewe mwalimu nenda likizo. Miezi miwili. Kapumzike."

"Likizo nikafanye nini?"

Bosi akamsogezea ile barua, masikini.

Mzee Kumi alirudi maabara na barua. Mama Pacha aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akaisoma tena, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa koti na kuushikilia mfuko kwa nje. Akasema asante, akasema na samahani, vyote kwa pamoja. Mzee Kumi alitikisa mkono, kwamba yaishe. Hakuondoka. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, na kwa mara ya kwanza alionekana kama mtu mwenye kitu kinachomsumbua.

"Nataka nikuulize jambo," akasema. "Na safari hii usinifiche. Umenificha vya kutosha."

"Uliza, mzee."

"Siku tunamzika mke wangu. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo, mwanzo mpaka mwisho."

"Mimi nakumbuka nililia pale kaburini." Alisema polepole, akilipima kila neno. "Nakumbuka vizuri. Kaka yangu alinishika bega, nikalia mpaka miguu ikaisha nguvu. Nakumbuka mpaka shati lilivyolowa. Ndiyo maana nikajua nimemaliza. Sasa niambie. Nililia?"

Mama Pacha alimgeukia vizuri. Ule mkono uliokuwa juu ya mfuko ukashuka.

"Aliyelia ni kaka yako, mzee," akasema. "Wewe ndiye uliyemshika bega. Shati lililolowa ni la kwako, lakini ni yeye aliyekulilia kifuani. Ukamkalisha. Halafu ukaenda kupanga viti."

"Viti?"

"Watu walikuwa wengi, viti havikutosha mbele. Ukawa unavitoa nyuma unavileta. Mpaka tumefukia wewe ulikuwa na viti. Sote tulikuona."

Friza ilikuwa inanguruma kwenye kona yake. Nje kwenye korido watu walikuwa wanaagana, siku ya kazi imeisha. Mzee Kumi aliangalia mikono yake, akaivua glavu moja, akaivua ya pili, akaziweka mezani zikiwa zimegeuka ndani nje.

"Kumbe bado," akasema.

Alitafuta pa kukaa, akakaa. Kidevu kikaanza kumtikisika, kidogo kidogo, na yeye mwenyewe akakishika kwa mshangao kujua ni nini hicho. Mama Pacha aliinuka, akafunga mlango wa maabara kwa ndani, akarudi akavuta kiti karibu naye. Hakumwambia pole, wala hakumwambia ajikaze.